Chumba cha Kahawa cha Mwalimu Elisifa

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake, mwanamume mwenye miwani aliyetoka Arusha, na ulikuwa wasifu mzuri, wa karatasi mbili. Ulisema Mwalimu Elisifa alizaliwa wapi, alipata kipaimara wapi, alisomea ualimu wapi, na ukazitaja shule za msingi alizofundisha moja baada ya nyingine mpaka siku aliyostaafu. Ulitaja kwaya ya kina mama. Ulitaja hata ng'ombe wake. Kisha ukasema: "Baada ya kustaafu, marehemu alijishughulisha na kilimo na ufugaji mdogo, mpaka alipoanza kuugua." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya wanawake wa jumuiya, chini ya turubai, mvua nyembamba ya mlimani ikitugonga kwa juu, nikawa nangoja sentensi inayofuata. Haikuja. Mpwa akakunja karatasi zake. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno fupi la kumuaga Mwalimu. Mzee mmoja akasimama akaeleza jinsi alivyofundishwa hesabu za kugawanya, watu wakacheka kidogo, wakafuta macho. Mimi nikashika kingo za kiti na kunyanyuka nusu. Mama aliyekaa pembeni yangu akadhani nataka kupita, akavuta miguu yake ndani. Nikakaa tena.

Kuna mwaka mmoja katika maisha ya yule mama ambao umelala ndani ya maneno yale, "kilimo na ufugaji mdogo", na simlaumu mpwa wake, kwa kuwa hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Sasa nina zaidi ya miaka hamsini, nina duka la kushona sare za shule pale Kiboriloni, na kila Januari akina mama wananiletea watoto wa miaka mitatu, minne, niwapime mabega. Huwa nawapima bila kuuliza wanakwenda shule gani. Mwaka ninaoukumbuka hapa, nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nauliza kila mtu.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja na baraza, hapo hapo Kiboriloni, jirani na soko la mitumba. Baraza tulikuwa tumeiziba kwa mabati na ndimo nilimoweka cherehani yangu. Kazi yangu ilikuwa kupunguza nguo: suruali zilizovaliwa na watu warefu wa nchi za mbali nazikata na kuzikunja mpaka zinawatosha watu wa Moshi. Chumbani kulikuwa na kitanda, meza, kabati la vyombo lenye kioo kilichopasuka, na kigodoro cha mwanetu Haika ambacho mchana tulikiegemeza ukutani. Baba Haika alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya miwa kusini mwa mji. Alilala huko huko kwenye nyumba za wafanyakazi, akawa anakuja Jumamosi mchana na mafuta ya mashine kwenye kucha, na jambo la kwanza alilofanya kabla hata ya kunawa lilikuwa kumwita mtoto amwonyeshe daftari.

Haika alikuwa anaingia miaka mitano. Tulikuwa tumempeleka chekechea moja mjini, yenye geti la bluu na bata aliyechorwa ukutani, na alivaa sketi ya malinda, sweta la kijani na tai ndogo ya mpira. Baba yake alimpenda sana katika ile tai. Mimi ni mtu wa nguo, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kwenye nguo: mkono wa kushoto wa sweta ulikuwa unarefuka. Kila jioni unazidi kidogo, umevutika kama kamba, mpaka ukawa unampita vidole. Nikamgombeza. Nikamwambia sweta ni la kuvaa, si la kuchezea. Aliniangalia tu. Nikaukunja mkono ule nikaushona, na wiki iliyofuata nyuzi zangu zikawa zimekatika. Baada ya hapo akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani, na baada ya hapo akaacha kuongea. Sisemi alipunguza maneno. Aliacha. Nilimuuliza kama anataka uji, akatikisa kichwa. Nilimtuma kwa jirani kuomba chumvi, akaenda akasimama mlangoni kwa watu mpaka wakamrudisha.

Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa wa mbao, na asubuhi moja, wakati nabandika chai, nilimsikia mama wa upande wa pili akimwambia mumewe, "Katoto ka fundi cherehani kamekuwa bubu." Mume akauliza kama kamerogwa. "Nani akaroge kale," akasema mama. "Mwalimu wao anakafunga mkono. Mwanangu anasema kanaandikia kushoto, basi mwalimu anakafunga na sweta kwenye benchi." Nikasimama na kijiko mkononi mpaka chai ikachemka ikamwagika ikazima jiko. Siku ile ile nilikwenda kwenye lile geti la bluu. Mwalimu alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, amechoka, ana watoto wamejaa mpaka mlangoni wakiimba herufi za Kiingereza kwa sauti moja. Hakukana. Alisema, "Mama Haika, akifika darasa la kwanza na mkono huo watamchapa. Mimi ninamsaidia mapema." Nadhani aliamini alichosema. Nilimshika mwanangu mkono, ule wa kushoto, tukaondoka, na mkoba wake wa daftari tukausahau, wala sikuurudia.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta. Siku hizi binti yangu anatafuta shule kwa simu, anaona picha za madarasa akiwa amekaa kitini. Mimi nilitafuta kwa miguu, Haika akiwa nyuma yangu ameshika upindo wa kitenge. Nilikwenda chekechea ya kanisani, walezi wapole kabisa, lakini watoto walikuwa wengi kwenye ukumbi mmoja kiasi kwamba nilipomwachia Haika mkono tu, sikumwona tena, na nilipompata alikuwa chini ya meza ameziba masikio. Nilikwenda shule nyingine kwenye mitaa ya miti mikubwa, ambako wageni walipeleka watoto wao. Pale kulikuwa na vipande vya mbao vya kujengea, na mchanga, na sinki fupi la kuoshea mikono lililofika kifuani kwa mtoto. Haika aliingia moja kwa moja kwenye mchanga, akachimba kwa mkono wa kushoto na hakuna aliyemtazama. Mama mmoja wa ofisini, Mtanzania mwenzangu, alinipa fomu na kikombe cha maji. Nilisoma fomu mpaka penye ada, nikamrudishia, nikasema nitakuja na baba yake. Alijua sitakuja. Kumtoa mtoto kwenye ule mchanga kulinichukua muda mrefu, na hakulia hata kidogo, ndicho kilichoniumiza.

Habari za Mwalimu Elisifa nililetewa na mteja, mama wa Old Moshi aliyekuja kupunguza gauni la harusi. Alimtazama Haika aliyekaa chini ya cherehani, akauliza kwa nini hayuko shule, nikamweleza. Akasema, "Kwetu juu kuna mwalimu mstaafu anakaa na watoto kwenye stoo yake ya kahawa. Watu wanasema amerukwa na akili. Lakini watoto wanakwenda wakikimbia." Kesho yake asubuhi tukapanda. Ni mwendo wa saa moja kutoka sokoni ukiwa na mtoto, barabara ya vumbi jekundu, kisha kichochoro kando ya mfereji, kisha migomba pande zote mpaka jua linakuwa la kijani. Nilimkuta ameinama akifagia ua. Mama mrefu, mwembamba, soksi ndani ya kandambili, miwani imefungwa kwa uzi shingoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mgeni anaitwa nani?" Nikamwambia anaitwa Haika, na kwamba haongei. Mwalimu akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. "Haika," akasema, jina ambalo kwa Kichagga ni asante. "Basi asante imefika nyumbani kwangu." Hakumuuliza kitu. Akampa fagio dogo la chelewa, akaendelea kufagia upande wake, na baada ya muda nikaona mwanangu naye anafagia.

Kile chumba kilikuwa kweli stoo ya kahawa. Bei ilipoanguka watu waling'oa mibuni, naye akabaki na chumba kitupu chenye harufu ya magunia na maganda makavu, harufu ambayo mpaka leo ikinipata mahali moyo unashtuka. Alikuwa ametoboa dirisha la pili ili mwanga uingie. Hakukuwa na benchi hata moja. Kulikuwa na mikeka, meza fupi mbili alizozikata miguu kwa msumeno, ukuta mmoja uliopakwa chokaa ambao watoto waliruhusiwa kuchora kwa mkaa mpaka ujae, na ukijaa wanaupaka chokaa wenyewe. Watoto hawakufika kumi na tano. Walihesabu mayai, wakapanga kahawa mbivu na mbichi, wakapima maji ya ng'ombe kwa makopo. Kila asubuhi mmoja alitoa habari za nyumbani kwao, kwa Kiswahili au Kichagga, na wengine waliuliza maswali. Saa nne walikula walichokipika: ndizi na maharage, au mtori, au maziwa mgando na viazi. Walimenya wenyewe, kwa visu vidogo visivyo na ncha, na mwanzoni nilipoona mtoto wa miaka minne na kisu nusura nipige kelele. Mwalimu akaniambia polepole, "Tazama anavyokiangalia. Hajawahi kuangalia herufi hivyo."

Wiki mbili za kwanza nilikaa naye, nikishona kwa mkono barazani, maana Haika hakukubali niende. Hapo ndipo nilipozoeana na Mwalimu. Siku moja nilimuuliza ni nani alimfundisha mambo haya, kama alisoma Ulaya. Alicheka. Akaendelea kuchambua mchicha kwa muda, kisha akasema, "Mama Haika, mimi nimechapa watoto mpaka nikastaafu. Nilikuwa nasifiwa. Darasa langu lilikuwa kimya kama kanisa Ijumaa Kuu. Siku ya kuniaga waliniletea watu wazima niliowafundisha, waje wanishukuru, na mmoja, baba mzima mwenye watoto, nilipoinua mkono nimshike bega, akajikinga uso." Akachukua shina jingine la mchicha. "Hakujua kwamba amejikinga. Mkono ulikwenda wenyewe. Basi nikasema, muda uliobaki nataka nijue watoto wale wangekuwaje." Nilichukua nusu ya mchicha nikamsaidia.

Haika aliongea wiki ya saba. Nilikuwa nimekwenda siku hiyo kuchukua kipimo cha pazia la Mwalimu, nikawa nimesimama dirishani. Mwanangu alikuwa anabeba maziwa kwenye jagi la bati kuyapeleka mezani, kwa mkono wa kushoto, akajikwaa kwenye mkeka, jagi likaanguka. Maziwa yalienea mpaka ukutani. Nikamwona anavyoganda. Alikaza shingo, akafumba macho, akaficha mkono wa kushoto nyuma, anangoja. Watoto wengine walinyamaza pia. Mwalimu akaja na matambara mawili. Hakusema pole, hakusema hapana. Akampa moja, akapiga magoti na lingine, akaanza kufuta. Haika akafumbua macho, akapiga magoti naye. Wakafuta kimya kwa muda, na Mwalimu alipotaka kunyanyuka, mwanangu akanyoosha kidole chini ya meza, akasema, "Bado pale." Sauti ilikuwa nene, kama ya mtu aliyeamka. "Kweli," Mwalimu akasema, "bado pale," akafuta. Mimi nilikaa chini kwenye majani, kwenye umande, nikalia na futikamba shingoni. Kurudi Kiboriloni siku ile Haika alinitajia kila kitu njiani: mfereji, mbuzi, jiwe, mama mwenye ndoo. Sikumjibu hata neno moja kwa kuogopa kumkatiza.

Ningependa kuishia hapo. Mwaka ungeishia hapo, ningesimama chini ya lile turubai nikasema. Lakini mwaka una miezi mingine, na kuna Jumamosi zake. Baba Haika alifurahi mtoto aliporudi kuongea, alimbeba mabegani mpaka sokoni akamnunulia andazi. Kisha akaomba daftari, na daftari hakuna. "Anajifunza nini huko?" aliuliza. Nikamweleza mayai na kahawa na habari za asubuhi. Alisikiliza kwa heshima. Halafu akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia: kwamba kiwandani mitambo mipya ilikuja na vitabu vya Kiingereza, na yeye aliyejua mashine kwa kusikiliza mlio wake tu, alisimamishwa pembeni, akawekwa kijana aliyeweza kusoma vile vitabu. "Yule kijana hajui kufunga nati," alisema. "Lakini ndiye anayeniambia nifunge ipi. Sitaki Haika asimame pembeni." Alikuwa anaongea huku anamega ugali, na sikuona pa kumkatalia, kwa sababu yote mawili yalikuwa kweli, lake na la Mwalimu.

Mwezi wa kumi tulimpeleka kwenye usaili wa darasa la kwanza, shule ya Kiingereza ya mjini. Nilimshonea gauni jipya. Tulikaa kwenye korido yenye sakafu inayong'aa, wazazi wengine wakiwauliza watoto wao maswali ya mwisho mwisho kwa kunong'ona. Mwalimu aliyemwita alituruhusu tukae nyuma. Akainua kalamu nyekundu, akauliza kwa Kiingereza rangi yake. Haika akaitazama ile kalamu kwa makini, kama alivyofundishwa kutazama, akasema kwa Kiswahili, "Ni kama kahawa iliyoiva siku ya kwanza. Kesho yake inakuwa nyeusi zaidi." Yule mwalimu alicheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka, akaandika kitu, akatuambia mtoto ni mchangamfu ila yuko nyuma sana, tujaribu tena akishajua hata herufi zake. Baba Haika alimshukuru mara mbili. Nje, kwenye jua, alimkung'uta mwanawe vumbi lisilokuwepo kwenye gauni. Nilihisi aibu mpaka masikioni. Nilimwonea aibu mtoto wangu, ambaye miezi sita nyuma ningetoa chochote nimsikie akisema "maji".

Wiki iliyofuata kukaja taarifa kwamba afisa wa elimu atakuja kwa Mwalimu Elisifa kukutana na wazazi. Kuna mtu alikuwa amepeleka maneno kwamba kule juu kuna shule isiyosajiliwa, na kwamba watoto wanatumikishwa, wanapika na kumchungia bibi ng'ombe. Sikumjua aliyepeleka na mpaka leo sijui. Tulikaa uani, wazazi kama ishirini, kwenye magogo na viti vya kuazima. Mwalimu alivaa suti yake ya kustaafia. Afisa alikuwa mtu wa adabu. Alimsalimia Mwalimu kwa shikamoo, akaeleza sheria za usajili, vyoo, vyeti, eneo, akasema anachotaka kujua ni faida wanayopata watoto, ili aandike taarifa yake kwa haki. Akaanza kuuliza mmoja mmoja. Baba mmoja akasema wake ameacha uoga. Mama mwingine akasema hajui, mtoto analetwa na bibi yake. Kisha kalamu ikanigeukia mimi. Baba Haika alikuwa kando yangu, ameomba ruhusa kazini siku hiyo, amevaa shati alilovaa kwenye usaili.

"Mama, wako amejifunza nini hapa?"

Nilijua jibu. Lilikuwa fupi: aliletwa hasemi, sasa anasema. Niliangalia viatu vya mume wangu. Nikakumbuka kicheko cha yule mwalimu wa kalamu. Nikasema, "Amejifunza kumenya ndizi."

Watu walicheka. Kicheko kilizunguka ua mzima, hata afisa alitabasamu wakati anaandika, na nikafurahi, ndiyo, kwa nukta chache nilifurahi kwamba safari hii nimechekesha badala ya kuchekwa. Halafu nikamtazama Mwalimu Elisifa. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akikosea jibu analolijua, akimngojea arudie. Alinipa muda wa kurudia. Afisa alifunua ukurasa mwingine, akamgeukia mzazi mwingine, na wale waliofuata, sijui kwa kuwa nimewafungulia njia, wakasema mambo ya namna hiyo hiyo: amejifunza kufagia, amejifunza kuosha vikombe. Kila mmoja alipata kicheko chake, kidogo kidogo kikipungua, mpaka wa mwisho hakuna aliyecheka.

Amri ilikuwa asiendelee mpaka atimize masharti. Hakuyatimiza. Alikuwa mjane wa zaidi ya miaka sitini mwenye ng'ombe wawili, na hakuna mzazi aliyejitokeza kubeba hata tofali. Haika tulimpeleka darasa la awali kwenye shule nyingine ya mjini, ambako walimwacha na mkono wake, na Kiingereza alikipata katika mihula miwili tu, kama mtu anayeokota kitu njiani. Leo anafanya kazi ofisi kubwa Dodoma. Baba yake aliishi akayaona hayo, namshukuru Mungu, na sidhani alikosea kutaka alichokitaka. Ila wiki nyingi baada ya ile siku mtoto aliniuliza kila asubuhi, "Tunapanda lini kwa Mwalimu?" Nikamwambia Mwalimu amechoka. Akauliza amechoka nini. Nikaona maswali hayataisha, nikamwambia amehama, amekwenda Mkuu kule Rombo kwa dada yake. Akauliza kama Mkuu ni mbali. Nikasema ni mbali sana. Akaacha kuuliza.

Mara moja, miaka kadhaa baadaye, nilimwona Mwalimu sokoni Kiboriloni, anapapasa vitambaa kwenye meza ya jirani yangu, akivileta karibu na miwani. Nilirudi nyuma nikasimama kati ya makoti yaliyotundikwa, uso wangu ndani ya harufu ya dawa ya mitumba, mpaka alipopita. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye mafundi wawili chini yangu. Nilipokuja kupata ujasiri, nywele zangu zilikuwa nyeupe. Miaka miwili iliyopita nilichuma jani la isale, lile ambalo kwetu mtu akikosa hulibeba kwa aliyemkosea, na aliyekosewa akilipokea, yamekwisha. Nilipanda polepole, nikipumzika mara nyingi. Stoo ya kahawa ilikuwa imejaa majani ya ng'ombe mpaka dirishani. Yeye alikuwa amekaa juani na blanketi magotini, na msichana anayemtunza akanong'ona, "Siku hizi hamjui mtu, mama. Hata mpwa wake hamjui." Nilipiga magoti nikamnyooshea isale kwa mikono miwili, nikasema yote, afisa, ndizi, kicheko. Alilipokea jani akaligeuza geuza. Akaniangalia kwa upole mkubwa, akasema, "Ahsante. Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamwambia mimi ni mama yake Haika. Akafikiri. "Umekula?" akaniuliza. Msichana akaniletea ndizi na maziwa mgando, nikala mbele yake mpaka nikamaliza, maana hakuacha kunitazama kama ninakula.

Jumapili baada ya mazishi Haika alinipigia simu mchana. Alikuwa amezunguka na mwanawe shule nne wiki ile, na alikuwa na hasira. "Mama, kote wananionyesha watoto walivyonyamaza," alisema. "Wananionyesha kimya kama wananionyesha swimingi puli." Nikasikia kijana wake nyuma akigonga sufuria. Nikamwambia kulikuwa na mtu aliyejua kufanya vingine, na kwamba tumemzika Jumatano. Kisha nikamwambia yaliyobaki, bila kujipunguzia. Sufuria ikanyamaza.

"Ulisema alihamia Mkuu," akasema mwishowe.

"Nilisema."

"Nilikwenda Mkuu nikiwa kidato cha pili, tulipokwenda kuimba na kwaya ya shule. Wenzangu walikwenda kula, mimi nikazunguka soko zima nauliza kama kuna mtu anamjua Mwalimu Elisifa. Niliuliza mpaka mwalimu wetu akaja kunichukua, basi linaondoka." Akavuta pumzi. "Mama mmoja wa ndizi akaniambia labda amefariki. Nikalia njia nzima mpaka Himo, na nilipofika nyumbani ukaniuliza nina nini, nikakwambia kichwa."

Nilikumbuka kile kichwa. Nilimpa vidonge viwili na chai ya tangawizi, nikamfunika. Mwalimu siku ile alikuwa hai, mzima, saa moja tu ya kupanda kutoka mlangoni kwetu, na bado alikuwa anawakumbuka wote kwa majina.